Aliyepona Asifutwe Daftarini

Msikilizaji, mgonjwa akitoka hospitalini kwa miguu yake, sote humhesabu kuwa amepona. Kwa ugonjwa adimu wa damu uitwao TTP, hesabu hiyo ilikuwa na kasoro, na kilichoifichua ni daftari la wagonjwa. Katika ugonjwa huu, mara nyingi kinga ya mwili huigeukia ADAMTS13, kimeng'enya kinachokata nyuzi ndefu za protini ya kugandisha damu. Kikipungua mno, nyuzi hizo hunasa chembe sahani, na mabonge madogo huziba mishipa ya ubongo, moyo na figo. Zamani takriban wagonjwa tisa kati ya kumi walikufa. Mwaka 1991, utafiti wa Kanada uliohusisha wagonjwa 102 ulithibitisha nguvu ya kubadilisha plazma, yaani sehemu ya maji ya damu: baada ya miezi sita, asilimia 78 ya waliobadilishiwa walikuwa hai.

Ingedhaniwa kazi imekwisha. Lakini huko Oklahoma, Marekani, tangu 1989 madaktari walimwandika kila mgonjwa aliyepelekwa kubadilishiwa plazma, wakaendelea kumfuatilia hata baada ya kuruhusiwa. Miaka ilivyosonga, daftari likaonyesha kuwa sonona na shinikizo la damu viliwaandama waliopona zaidi ya watu wengine, na baadhi yao walikufa kabla ya umri uliotarajiwa. TTP huwapata watu wachache tu katika kila milioni kwa mwaka. Daktari mwenye mgonjwa mmoja angeiona sonona yake kuwa msiba wa mtu binafsi. Wagonjwa wengi wakiwekwa pamoja, ndipo inapoonekana kuwa sehemu ya ugonjwa.

Wapo watakaosema daftari si jaribio. Ni kweli: dawa ipi ni bora, hilo huamuliwa kwa majaribio, na aliyekufa kabla ya kufika hospitalini hakuandikwa. Ila taasisi moja ya damu ndiyo iliyobadilisha plazma katika eneo lile lote, hivyo waliofika hawakuchaguliwa kwa upendeleo. Wengine watahofia siri za wagonjwa, na hofu yao ina msingi, kwani kwa ugonjwa adimu, umri na wilaya tu vyatosha kumtambulisha mtu. Dawa yake ni ridhaa, namba badala ya jina, na mipaka ya anayeruhusiwa kusoma. Na anayeiita kazi hii anasa ya matajiri akumbuke kuwa Kampala ilianza daftari la saratani mwaka 1951. Kinachohitajika kwanza ni karani mwaminifu, na uamuzi wa kumuuliza aliyepona: je, leo u hali gani?