Nani Anayesema "Sisi" Katika Tahariri?



Leo tuzungumze juu ya tahariri. Mmoja akisoma gazeti na wengine wakisikiliza, ni rahisi kudhani yote ni habari. Hebu tutenganishe. Habari hueleza lililotokea. Tahariri ni maoni ya gazeti lenyewe juu ya jambo hilo. Kwa kawaida haina jina la mwandishi, nayo husema "sisi" au "tunaonelea".

Chukueni mfano wa kwetu. Februari 2023, baada ya polisi kuuawa kwenye barabara ya Kitale hadi Lodwar, serikali ilitangaza kupeleka jeshi katika kaunti 6, Turkana na Pokot Magharibi zikiwamo. Hiyo ni habari. Kusema kwamba dawa ni jeshi, au kwamba dawa ni maji, malisho na wazee wa pande zote mbili kukaa pamoja, hayo ni maoni. Mhariri wa Nairobi ana haki ya kuyatoa. Lakini ng'ombe na watu wanaopotea ni wa huku.

Sasa, huyo "sisi" ni nani? Tarehe 2 Januari 2016, Saturday Nation ilichapa tahariri kali ya kumkosoa Rais Uhuru Kenyatta. Mhariri aliyeiandika, Denis Galava, alisimamishwa, na mwezi huo huo akafutwa kazi. Kampuni ilisema hakufuata utaratibu. Wengine wakasema ni kwa sababu ya kumgusa Rais. Vyovyote iwavyo, neno "sisi" la gazeti lina mwenyewe.

Kikundi nacho ni hivyo hivyo. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Tahariri ikiwagusa na hamkubaliani nayo, mwandikieni mhariri barua. Lakini kabla katibu hajaandika "sisi wa Kainuk", barua isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, na asiyekubali asikizwe. Iwe fupi. Mliyoyaona kwa macho yaandikwe mbali na mnayoyataka. Wala msiwatukane jirani zetu Wapokot. Kifungu hicho hicho hakiruhusu uchochezi wa chuki.

Kwenye mkutano ujao, mmoja aje na gazeti, hata la wiki iliyopita. Tutaanza na ukurasa wa tahariri.