Cheti cha Mhamiaji na Mlango wa Ajira Ujerumani

Sheria iliyoanza kutumika Ujerumani tarehe 1 Aprili 2012 ilimpa mhamiaji, bila kujali uraia wake, haki ya kuomba utambuzi wa sifa za kitaaluma, yaani kulinganishwa kwa mafunzo aliyoyapata kwao na yale ya nchi hiyo. Haki hiyo, hata hivyo, haimfai asiyejua pa kuanzia, kwa kuwa maombi ya muuguzi hushughulikiwa na mamlaka ya jimbo ilhali ya seremala huenda kwenye chemba ya mafundi, na hapo ndipo thamani ya ushauri wa ajira inapodhihirika: mshauri huvisoma vyeti, humwelekeza mhusika kwenye ofisi inayostahili na, iwapo sifa zake zimetambuliwa kwa sehemu tu, humweleza mafunzo ya kuziba pengo. Kozi ya utangamano wanayosoma wahamiaji huko, ambayo kwa kawaida ina vipindi 600 vya lugha, haiwezi kuibeba kazi hiyo ya ushauri peke yake. Kwa kuwa Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi Septemba 2024, ushauri huo na uanzie Nairobi na Mombasa, kabla msafiri hajauza shamba ili kugharimia safari.