Kupata Pasipoti Mpya Ukiwa Ng'ambo: Kasoro za Nyaraka Zinazoanzia Katavi

1. Utangulizi

Mada hii imeandaliwa kwa watendaji wa kata, walimu wakuu na maofisa usajili wa halmashauri tano za Mkoa wa Katavi. Huenda wengine wakajiuliza pasipoti ya Mtanzania aliyeko Muscat au Guangzhou inawahusu nini. Inawahusu sana. Ombi linalokwama ubalozini mara nyingi liliharibikia kijijini, miaka mingi kabla mwombaji hajapanda ndege.

2. Mambo yanayofahamika

Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa tarehe 31 Januari 2018, na zile za zamani zikakoma kutumika mwishoni mwa Januari 2020. Mwombaji hujaza fomu mtandaoni, akaambatisha cheti cha kuzaliwa, uthibitisho wa uraia wa mzazi, Kitambulisho cha Taifa na picha, kisha akafika mwenyewe kutoa alama za vidole. Ada ndani ya nchi ni shilingi 150,000. Ng'ambo hulipwa kwa fedha za kigeni. Pasipoti hudumu miaka 10. Ikiisha haiongezwi muda, hutolewa mpya.

Umbali nao ni mzigo. Tanzania haina ubalozi katika kila nchi: aliyeko Poland huhudumiwa na Berlin, aliyeko Australia huitazama Tokyo. Hata hivyo, tiketi ya ndege hununuliwa. Herufi iliyokosewa kwenye cheti hainunuliki.

3. Tatizo lenyewe: mtu mmoja, nyaraka nne zisizolingana

Mfano wa kawaida ni huu. Mtoto anazaliwa nyumbani, Mishamo au Majimoto, na hasajiliwi. Kanisani anabatizwa Nestory. Shuleni mwalimu anaandika Nesto, kama alivyolisikia. Anapotaka mkopo wa elimu ya juu anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, naye anakitafuta mbiombio akiwa na miaka 19, kwa tarehe aliyoikadiria mama. Kwenye usajili wa NIDA linaongezwa jina la babu. Ndani ya nchi anaishi bila shida, kwa kuwa kila ofisi hutazama karatasi yake tu. Siku anayoomba pasipoti mpya akiwa Oman, karatasi zote zinawekwa juu ya meza moja kwa mara ya kwanza, na kila moja inamtaja mtu mwingine.

Hapo ndipo safari ya kurudi nyuma inapoanza. Hati ya kubadili jina inahitaji wakili na Msajili wa Hati. Usajili wa mtu aliyevuka miaka 10 hudai ushahidi zaidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule. Mwenye jina yuko ng'ambo. Anayezunguka ofisini ni mzee wake, anayetoka Karema ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hadi Mpanda, kisha anaambiwa arudi wiki ijayo.

Uthibitisho wa uraia wa mzazi nao una ugumu wake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 Katavi. Ile ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni familia zilizohamia na mifugo na majembe kutoka Shinyanga, Tabora na kwingineko. Mtoto amezaliwa Mlele, lakini kijiji cha baba kiko mkoa mwingine, na mwenyekiti wa hapa hawezi kumwapia mtu asiyemjua alikozaliwa.

Lipo pia jambo linalohitaji kusemwa kwa uangalifu, lakini lisemwe. Katumba na Mishamo zilipokea wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972. Baadaye Serikali iliwapa uraia wa tajnisi watu 162,156 wa makazi hayo mawili pamoja na Ulyankulu ya Tabora, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Hao ni Watanzania kwa mujibu wa sheria. Uhamiaji una wajibu wa kuhakiki, tena katika mkoa wa mpakani, na mada hii haiombi ulegevu. Lakini mtendaji anayekataa kusaini barua ya utambulisho kwa sababu tu mwombaji "ni wa Katumba" hahakiki chochote. Anamnyima raia haki yake, na jambo hili limesemwa katika vikao vingi mno bila kubadilika.

Gharama yake ng'ambo ni kubwa. Kibali cha ukaazi hutegemea pasipoti hai, na nchi nyingi hudai iwe na walau miezi 6 mbele. Ikiisha, kazi na akaunti ya benki huyumba. Hati ya dharura humrudisha mtu nyumbani, haimlindii ajira.

Na muda umekaribia. Pasipoti za kwanza za 2018 zinaisha kuanzia 2028, zikifuatwa na zile nyingi zilizochukuliwa kabla ya ukomo wa Januari 2020.

4. Mapendekezo

(a) Kila mtoto asajiliwe katika kituo cha afya au ofisi ya kata, kwa utaratibu ulioanzia Mbeya mwaka 2013 kwa walio chini ya miaka mitano.

(b) Mwalimu mkuu aandike jina kutoka kwenye cheti cha kuzaliwa, si kwa kusikia.

(c) Mwanafunzi asiye na cheti apatiwe kabla ya kusajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba, maana jina la mtihani humfuata maisha yote.

(d) Maofisa wa RITA na NIDA wafike vijijini siku moja, wakikaa meza moja, ili jina liandikwe kwa namna moja.

(e) Wazazi waandikiwe viapo na kutunziwa nakala wakiwa hai.

(f) Familia zilizohamia zisaidiwe kupata barua kutoka vijiji vya asili.

(g) Watendaji wa halmashauri za Nsimbo na Tanganyika, ziliko Katumba na Mishamo, wapewe mwongozo wa maandishi kuhusu cheti cha tajnisi na haki za watoto wa mwenye cheti hicho.

(h) Barua ya utambulisho ikikataliwa, sababu iandikwe na kusainiwa.

(i) Anayesafiri aoanishe majina ya nyaraka zote kabla ya kuondoka, na aache nakala kwa ndugu pamoja na hati ya uwakilishi.

(j) Aliyeko ng'ambo aanze ombi angalau mwaka mmoja kabla ya pasipoti kuisha.

(k) Balozi ziendelee kutuma maofisa kwenye miji yenye Watanzania wengi, zikitangaza tarehe mapema.

(l) Kila kata iorodheshe familia zenye mtu ng'ambo aliyepata pasipoti kati ya 2018 na 2020, na kukagua nyaraka zao kabla ya mwisho wa 2027: cheti, kiapo cha mzazi, jina la NIDA. Orodha ikabidhiwe ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, ambako vyeti vya kuzaliwa hushughulikiwa.