Chombo Kipya, Kazi Ile Ile

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Niliombwa niseme neno la manufaa kutoka kazini. Mimi ni mtumishi wa serikali, na huu ni mwaka wangu wa 20 tangu niajiriwe baada ya kutoka Chuo Kikuu. Ningeweza kuzungumzia uchumi au siasa, lakini nimechagua jambo linaloonekana dogo, ambalo kila baada ya miaka michache huwatoa watu wazima jasho maofisini: kubadilishwa kwa programu za kompyuta tunazoandikia barua na kupigia hesabu.

Nilipoanza kazi tulitumia Microsoft Office ya mwaka 2003. Amri zote zilikuwa katika menyu zilizopangwa juu ya kioo. Ukibofya neno moja, orodha inateremka. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilitoa toleo jipya, na ofisini kwetu lilifika mwaka 2009. Menyu zile hazikuwapo tena. Mahali pake palikuwa na utepe mpana uliojaa picha ndogo ndogo. Hata neno File lilikuwa limeondolewa, na badala yake kuna duara katika pembe ya kushoto, ambalo wengi walidhani ni nembo ya kampuni tu. Siku ile watu wazima wenye vyeo walishindwa kuchapa barua ya ukurasa mmoja, kwa sababu amri ya kuchapa ilikuwa imo ndani ya duara lile. Neno lenyewe lilirudishwa katika toleo la 2010.

Hapo niliona kwamba kuna kujua kwa namna mbili. Kijana mmoja aliyesifika kwa wepesi alikuwa amekariri mahali: menyu ya tatu, mstari wa tano. Menyu ilipoondoka, ujuzi wake uliondoka nayo. Mama mmoja mhasibu, aliyebakiza miaka 4 kustaafu, hakuwa mwepesi hata kidogo. Lakini alijua anachokitaka: kupanga majina kwa vituo, kujumlisha kila kituo, kisha kulinganisha jumla hiyo na hati za malipo. Basi alizitafuta kazi hizo katika utepe, moja baada ya nyingine, akaziandika katika daftari. Ilipofika Ijumaa, yule kijana ndiye aliyekuwa akienda mezani kwa mama kuuliza.

Ndugu zangu, jambo hili lina upande usio wa kuchekesha. Toleo la 2007 lilianza kuhifadhi barua na majedwali katika muundo mpya, yaani .docx na .xlsx mahali pa .doc na .xls. Kompyuta yenye toleo la zamani haikuweza kuyafungua mpaka iwekewe programu ndogo ya nyongeza, ambayo Microsoft waliitoa bure. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilipokelewa orodha ya walimu waliokuwa wakidai fedha za uhamisho. Ilikuwa katika muundo mpya. Aliyeipokea hakuweza kuifungua, akaona haya kusema. Zikapita siku 9 za kimya. Dawa ilikuwa kumpigia simu mwenzake aihifadhi upya katika muundo wa zamani, kazi isiyozidi dakika 2. Kwa siku zote hizo walimu walikuwa katika vituo vipya, wengine wamekopa kodi ya nyumba.

Wala tusidhani hayo ni yetu peke yetu. Mwaka 2020, wakati wa korona, idara ya afya ya umma ya Uingereza ilikuwa ikiingiza matokeo ya vipimo katika majedwali ya muundo wa zamani, .xls. Jedwali la muundo huo haliwezi kuchukua zaidi ya mistari 65,536, ilhali la muundo mpya huchukua 1,048,576. Iliyozidi ikaachwa nje. Watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na ugonjwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia katika hesabu za kila siku. Wenyewe walipewa majibu yao, lakini wale waliokutana nao walichelewa kutafutwa, na ugonjwa unaenea. Muundo mpya ulikuwa na umri wa miaka 13.

Kwenu wadogo zangu nina maneno matatu. Kwanza, jifunzeni kazi kabla ya kitufe: ajuaye kwa nini orodha hupangwa atapata pa kuipangia. Pili, shikeni amri za kibodi. Ctrl na P huchapa, Ctrl na S huhifadhi. Menyu zilipoondoka, hizo zilibaki. Tatu, ulizeni siku ile ile ya kwanza. Mficha uchi hazai.

Kwenu wakubwa wenzangu wenye mamlaka: msilete toleo jipya Ijumaa jioni na kudai kazi kamili Jumatatu asubuhi. Toeni siku moja ya mafunzo, mteue mtu wa kuulizwa bila kuonewa haya, na agizeni kwamba kila orodha ihesabiwe mistari yake kabla ya kutumwa na baada ya kupokelewa.

Mabadiliko hayajaisha. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuyahudumia matoleo ya 2016 na 2019, maana yake hayapati tena marekebisho ya usalama. Wanaoyatumia hawana budi kuhama tena.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa pendekezo. Katika mkutano ujao tutenge saa mbili katika chumba cha kompyuta cha shule. Kila mwanafunzi wa zamani akae na mwanafunzi mmoja wa sasa. Kijana atamwonyesha mzee kitufe kilipo, na mzee atamweleza kijana kwa nini daftari la hesabu hufungwa kila mwezi. Mimi nitakuwa wa kwanza kujiandikisha.