Mwenye Chuo ni Nani? Historia ya Vyuo vya Jamii na Suala la Umiliki



Tanzania Bara ina vyuo vya maendeleo ya wananchi zaidi ya 50, vilivyotapakaa kutoka Tarime hadi Newala, lakini ni nadra kuvisikia vikitajwa katika kumbi kama hii. Tukizungumzia elimu inayofuata baada ya shule, tunahesabu vyuo vikuu, udahili na mikopo. Chuo cha wilayani kinachofundisha ushonaji, uashi na umeme wa majumbani tunawaachia wengine wakijadili, nao hawakijadili. Jioni hii nitatetea hoja moja: chuo cha jamii hukua au hudumaa kwa kutegemea kwanza nani anakimiliki. Mmiliki ninayemsema si yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye hati ya kiwanja. Ni yule anayekilipia, anayeweza kumwita mkuu wa chuo na kumtaka maelezo, na ambaye chuo kikifa atapata hasara mbele ya watu wake. Mtaala, majengo na walimu ni mambo mazito, ila huja nyuma ya hilo.

Tuanzie Marekani, maana huko ndiko vyuo hivi vilikoenea kuliko kwingine. Mwaka 1901, katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, mkuu wa shule ya sekondari J. Stanley Brown alikubaliana na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, kwamba shule hiyo ifundishe masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu. Walianza na wanafunzi sita. Harper hakuwa na nia ya kimapinduzi. Alitaka vyuo vikuu vitue mzigo wa kufundisha misingi na vibaki na utafiti. Lakini alichokianzisha kilikaa ndani ya shule iliyokuwa ikilipiwa na kodi ya wakazi wa pale, na hilo ndilo lililoamua mengine yote. Mkazi aliyelipa kodi hakujali sana mzigo wa maprofesa wa Chicago. Alitaka mwanawe asome akilala nyumbani, na baadaye alitaka apate pia kazi ya kiwandani au hospitalini. California ilitunga sheria mwaka 1907 kuziruhusu shule za sekondari kufundisha masomo ya ngazi hiyo, Fresno ikaitumia mwaka 1910, na mwaka 1921 sheria nyingine ikaruhusu maeneo yaunde mamlaka za vyuo zinazojitegemea. Chuo kilikuwa na eneo lake, bodi yake na kodi yake.

Serikali kuu ya Marekani iliingia baadaye sana, na iliingia kama mfadhili. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwasomesha askari waliorudi vitani ilijaza madarasa. Mwaka 1947 tume ya elimu ya juu iliyoundwa na Rais Truman, chini ya mwenyekiti George Zook, ilitaka vyuo vya jamii visivyotoza ada vifunguliwe kote nchini, vihudumie mtoto aliyemaliza shule na mtu mzima anayefanya kazi mchana na kusoma usiku. Katika miaka ya 1960 vilifunguliwa kwa kasi ya karibu chuo kimoja kwa wiki. Leo ni takriban 1,000. Kasi hiyo isingewezekana kama kila chuo kingesubiri kibali na bajeti kutoka Washington. Wenyeji walikuwa tayari na chombo cha kupokea fedha, kununua kiwanja na kuajiri.

Ushahidi ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, unatoka kwenye kuporomoka kuliko kwenye kukua. Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipitisha hoja maarufu kwa jina la Proposition 13, iliyobana kodi ya majengo. Vyuo vikapoteza chanzo chao cha ndani, na uamuzi wa fedha ukahamia makao makuu ya jimbo, Sacramento. Bodi zilibaki, uchaguzi wa wajumbe uliendelea, lakini mfuko ulikuwa kwingine. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1984, vyuo vya jamii vya California, ambavyo kwa miongo yote hiyo havikutoza karo, vilianza kutoza. Ilikuwa dola tano kwa kila yuniti ya somo, kiasi kidogo, na wako watakaosema ni jambo la kawaida nyakati ngumu. Mimi naliona vingine. Aliyeamua ada hiyo hakuwa tena mtu anayekutana na mzazi wa mwanafunzi sokoni.

Sasa tuje kwetu, ila tupitie kwanza Ulaya ya kaskazini, kwa sababu vyuo vyetu vilitoka huko na si Marekani. N. F. S. Grundtvig, mchungaji na mshairi wa Denmark, alitaka vijana wa wakulima wapate shule isiyo na mitihani, inayofundisha kwa mazungumzo, kwa lugha yao na kwa historia yao. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Denmark iliposhindwa vitani mwaka 1864 na Rødding ikaangukia upande wa Prussia, kazi yake ilihamishiwa Askov mwaka uliofuata, na shule za aina hiyo zikaongezeka vijijini. Sweden iliiga mwaka 1868. Jambo linalonihusu hapa ni wenye shule hizo. Huko Sweden baadhi zilimilikiwa na serikali za mikoa, na nyingine nyingi na vyama vya wafanyakazi, makanisa, na vyama vya kupinga ulevi. Serikali ilitoa ruzuku, lakini ilimkuta mwenyewe yupo.

Mwalimu Nyerere aliupenda mfumo huu, na inaeleweka kwa nini. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, mwaka 1970 ukawa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mamilioni waliojifunza kusoma walihitaji mahali pa kuendelea. Kwa msaada wa Sweden, Serikali iliamua mwaka 1975 kuanzisha vyuo vya maendeleo ya wananchi. Vingi viliwekwa katika majengo yaliyokuwapo, vituo vya mafunzo ya wakulima na vituo vya jamii. Arnautoglu pale Mnazi Mmoja ni mfano wa mjini. Vijiji viliteua watu wao waende wakasome na warudi kuvitumikia. Kina mama waliweza kwenda na watoto, kwa sababu malezi ya mchana yalipangwa kuwa sehemu ya chuo, jambo ambalo vyuo vikuu vyetu havijalifikia hadi leo. Kwa ubunifu wa elimu, sioni kitu kingine cha miaka ile kinachouzidi mpango huu.

Lakini tuutazame vizuri mwaka wenyewe. Halmashauri za wilaya zilikuwa zimefutwa na mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972. Vyama vikuu vya ushirika, vilivyokuwa na fedha za kahawa na pamba na desturi ndefu ya kujiendesha, vilifutwa mwaka 1976. Vijiji vilikuwa ndiyo kwanza vinapangwa, vingine watu wake wakiwa bado wanaezeka mapaa baada ya kuhamishwa, na sheria ya kuvitambua vijiji ilipitishwa mwaka huohuo wa 1975. Kwa maneno mengine, tuliagiza kutoka Sweden chuo kizima, tukaacha nyuma jambo moja tu, nalo ni mmiliki. Na hata tungetaka kumpata hapa, tulikuwa tumeshamvunja au tulikuwa tunakaribia kumvunja. Kilichobaki ni wizara. Vyuo vikawa mali ya wizara.

Yaliyofuata hayashangazi. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980 na ruzuku ikakauka, hakukuwa na diwani aliyelazimika kueleza kwa nini karakana haina mbao. Serikali za mitaa zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, lakini vyuo havikukabidhiwa kwao. Mwaka 1990 vilihamishwa kutoka wizara ya elimu kwenda kwenye maendeleo ya jamii, na katika awamu ya tano vikarudishwa elimu. Kila kuhama kulikuja na wajibu mpya: kwanza mafunzo ya jumla yasiyo na mtihani, kisha ufundi stadi unaopimwa kwa mitihani ya VETA, kisha elimu ya sekondari kwa waliokatishwa shule, wakiwamo mabinti waliopata watoto. Hili la mwisho ni jema kabisa. Kabla Serikali haijaruhusu, Novemba 2021, wasichana waliojifungua warudi katika shule za kawaida, vyuo hivi vilikuwa mojawapo ya milango michache iliyowapokea. Sina ugomvi na wajibu wowote kati ya hiyo. Ninachokilalamikia ni kwamba karibu yote ilitoka juu, na ya kesho itatoka hukohuko.

Nitajibiwa kwanza kwamba wananchi wetu ni maskini. Mmarekani ana nyumba ya kutozwa kodi, mwanakijiji wa Nkasi ana nini? Pingamizi hili lingekuwa zito kama lisingekanushwa na jirani. Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wilaya mbalimbali zilichanga kwa harambee ili zijenge vyuo vya teknolojia: Kimathi kule Nyeri, Murang'a, WECO kule Kakamega, Ramogi kule Kisumu. Kabla ya hapo, baada ya ripoti ya Baraza la Kikristo la Kenya ya mwaka 1966 iliyouliza mtoto akimaliza shule aende wapi, vyuo vidogo vya ufundi vya vijijini vilianza kwa nguvu za wenyeji na makanisa. Hata Tanzania, shule za sekondari za kata zilizozagaa tangu mwaka 2006 zilisimama kwa mawe, mchanga na jasho la wanakijiji, ingawa tuseme ukweli, michango mingine ilidaiwa kwa mabavu. Umaskini unapunguza kiasi cha mchango. Haumfanyi mtu ashindwe kumiliki.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na linatoka Kenya hiyohiyo. Harambee iliwanufaisha waliokwisha kunufaika: wilaya zenye kahawa, chai na mawaziri zilichanga zaidi, na wanasiasa walishindana kwa vyuo kama kwa kura. Isitoshe, vyuo vilivyofanikiwa vilipanda ngazi vikaondoka. WECO leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, chuo kikuu kamili tangu 2007. Kimathi ni chuo kikuu tangu 2012, Murang'a tangu 2016. Wilaya iliyochangia ili ipate mafundi ikapata shahada. Nakubali yote mawili, na ndiyo maana sisemi Serikali kuu ijiondoe. Kazi yake ni mbili: kusawazisha fedha kati ya wilaya tajiri na maskini, na kuweka sheria inayokizuia chuo kukimbia kazi yake. California ilifanya hili la pili katika mpango wake mkuu wa mwaka 1960, uliogawa wazi kazi za vyuo vikuu vya utafiti, vyuo vikuu vya jimbo na vyuo vya jamii. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo iliwapa magavana na mabunge ya kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Angalau sasa anajulikana wa kuulizwa.

Wapo watakaoniambia pia kwamba vyuo vya jamii vya Marekani, pamoja na bodi na kodi zao, havimalizishi wanafunzi. Ni kweli. Mwaka 1960 mwanasosholojia Burton Clark alionyesha jinsi chuo cha aina hiyo kinavyoweza kuipoza taratibu tamaa ya mwanafunzi hadi akubali kidogo, bila kuambiwa waziwazi kuwa ameshindwa. Mlango ulio wazi hautoshi. Lakini jibu lililo thabiti kuliko yote lilitoka kwa mmiliki wa karibu. Jiji la New York, chini ya mpango wa meya wa kupambana na umaskini, liligharimia kuanzia mwaka 2007 mradi wa ASAP katika vyuo vya jamii vya jiji: mshauri anayemjua mwanafunzi kwa jina, nauli, vitabu, na sharti la kusoma muda wote. Watafiti waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, na baada ya miaka mitatu waliomaliza walikuwa asilimia 40 upande wa mradi, na 22 upande mwingine. Jiji liliuliza fedha zake zinaleta nini, likapata jibu.

Mwisho, nitaambiwa vyuo vyetu tayari vina bodi. Bodi isiyopanga bajeti wala kuajiri mkuu wa chuo ni kamati ya ushauri, na kamati za ushauri hatuna upungufu nazo.

Napendekeza basi vyuo vya maendeleo ya wananchi vikabidhiwe halmashauri, kimoja kimoja, vikianza vile ambavyo halmashauri zake ziko tayari. Bodi iwe na wajumbe waliochaguliwa na wakazi pamoja na wawakilishi wa mafundi na wanafunzi, na iwe na sauti ya mwisho juu ya mkuu wa chuo na kozi. Wizara ibaki na ukaguzi, mitihani na ruzuku ya kusawazisha. Fedha za kuanzia hazihitaji kodi mpya. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na wengi wanaokopeshwa cherehani au mashine ya kuchomelea hawajafundishwa kuitumia. Sehemu ndogo ya fungu hilo, ikielekezwa kwenye mafunzo yanayotangulia mkopo, ingekipa chuo wanafunzi na ingeipa halmashauri sababu ya kukijali. Mabadiliko ya sheria yanayohitajika ni madogo. Waheshimiwa madiwani na wabunge mliopo hapa, naomba mlianzishe suala hili katika vikao vyenu vya bajeti vijavyo.