Batobato la Mihogo na Kirusi Chake

Jioni hii nataka tuzungumze habari za adui asiyeonekana kwa macho, naye ni kirusi cha batobato la mihogo. Ugonjwa huu uliandikwa habari zake mwaka 1894 huko Usambara. Majani huwa na mabaka ya manjano, hujikunja, na mihogo hupungua.

Kirusi si mdudu, wala si bakteria. Ni maagizo ya uzazi yaliyofungwa katika ganda la protini, basi. Hakili wala hakipumui. Ganda la kirusi cha batobato ni mfano wa maganda mawili yaliyoungana kama pacha. Ukiigawanya milimita moja mara milioni, urefu wake wapata sehemu 30 tu.

Wataalamu huvipanga virusi kwa umbo la ganda na kwa namna ya maagizo, kama ni DNA au RNA, uzi mmoja au mbili. Batobato ni DNA ya uzi mmoja. Michirizi ya kahawia, maradhi mengine ya mihogo, ni RNA, na umbo lake ni kama ufito. Basi maradhi hayo mawili si ndugu.

Kirusi huzaaje? Kikiisha kuingia katika seli hai, maagizo yake hufika kwenye kiini, na vyombo vya mmea wenyewe huyanakili mara nyingi. Kila nakala huvikwa ganda jipya. Ni kama mgeni aliyeshika jiko la mwenyeji, akapika kwa unga na kuni za mwenyeji.

Kwa kuwa kirusi kimo ndani ya seli, akataye pingili ya mti mgonjwa hukata na ugonjwa wake. Mwaka 1938 Storey na Nichols, wa kituo cha Amani, walieleza kuwa inzi weupe hulieneza batobato. Lakini mkono wa mkulima nao hulieneza. Mti ulioshikwa hauna dawa shambani. Kwa hiyo teua miti ya mbegu ingali na majani, upate kuyaona mabaka. Tena pasua mihogo yake utazame, maana michirizi huweza kuozesha mihogo hali majani yapendeza.

Jirani akikuomba mbegu, usimpe njaa ya mwakani. Husemwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Nami nasema, mchagua mbegu ndiye mkulima.