Neno Lililomezwa Kariakoo: Maikrofoni, Kompyuta na Redio ya Ridhaa



Kamati iliniomba niseme juu ya "maendeleo ya mawasiliano". Nilipokaa kuandika niliona kichwa hicho cha maneno ni kikubwa kuliko kichwa changu. Mimi ni mtumishi wa serikali. Kazi yangu ni mafaili na vikao. Mawasiliano ninayoweza kuyasemea bila kubahatisha ni yale ya redio ya ridhaa, ambayo huyashughulikia jioni na siku za mapumziko. Kwa ruhusa yenu basi, nitasema juu ya jambo moja tu: safari ya sauti kutoka mdomoni mwa mtu hadi kwenye antena, pale ambapo katikati ya njia imekaa kompyuta. Na katika kusema hayo itanibidi nieleze jinsi nilivyomkalisha mzee wa watu stendi kutwa nzima.

Redio ya ridhaa ni redio ya watu wenye leseni wanaozungumza wao kwa wao, bila malipo na bila biashara, kwa ajili ya kujifunza na kufanya majaribio. Hapa kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na alama zetu za wito huanza na 5H. Kabla ya uhuru alama ya Tanganyika ilikuwa VQ3 na ya Zanzibar VQ1. Sisi ni wachache, kwa hiyo wenzetu wa Ulaya na Marekani wakisikia 5H hujipanga kama watu wa foleni ya sukari.

Redio za zamani zilijaa koili, kristali na vali, na kila kazi ilikuwa na kifaa chake cha kushikika mkononi. Redio ninayoitumia, iitwayo Hermes-Lite 2, ni bodi moja ndani ya kisanduku, yenye nguvu ya wati 5. Kazi nyingine karibu zote hufanywa na programu ndani ya kompyuta. Ukisema, sauti yako hukatwa kuwa namba 48,000 kwa kila sekunde. Namba hizo huchujwa, hupandishwa, hushushwa, kisha hupelekwa kwenye bodi ambayo huzigeuza kuwa mawimbi. Ukitaka kubadili kichujio huhitaji chuma cha kulehemu. Unaandika namba nyingine. Hapo ndipo ulipo uzuri wake, na hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Nakaa ghorofa ya nne, si mbali na Mtaa wa Msimbazi. Anayeijua Kariakoo hahitaji kuelezwa. Tangu asubuhi wamachinga wana vile vipaza sauti vilivyorekodiwa, ambavyo havichoki wala havinywi maji. Kuna honi za bodaboda, kuna makuli na mikokoteni, na umeme ukikatika kila duka linawasha jenereta yake. Chumbani mwangu lipo pangaboi, na kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari sikubali kulizima hata kwa ajili ya sayansi. Juu ya paa nimetandika waya wa mita 20, ambao ni nusu ya wimbi kwa bendi ya megahezi 7. Bendi hiyo mchana hupanda juu na kushuka karibu, na kwa hiyo inafaa sana kwa Morogoro, Dodoma na Tanga.

Wati 5 ni kidogo. Zaidi ya hapo, sauti ya mtu haina nguvu sawa wakati wote. Irabu hupanda juu kama mlima, konsonanti hukaa bondeni, na kati ya maneno kuna kimya. Redio haiwezi kuvuka wati zake 5 hata kwa kile kilele kimoja, kwa hiyo wastani wa unachotuma ni sehemu ndogo tu ya nguvu uliyo nayo. Dawa inayojulikana ni kubana sauti: programu hushusha vilele, kisha hupandisha vyote kwa pamoja, na bonde hukaribia mlima. Jambo hili lina undani wake. Ukikata vilele ovyo, vile vichujio vinavyofuata huvizalisha tena, na usipoangalia unawamwagikia uchafu wanaozungumza masafa ya jirani. Mmarekani mmoja, David Hershberger, mwenye alama W9GR, mwaka 2014 alieleza hesabu ya kuvidhibiti vilele hivyo vinavyochipuka, na programu kadhaa sasa zinaitumia.

Nami nikabana. Nilibana kwa uroho, desibeli 15 na zaidi. Lakini kubana hakuchagui. Nilipokuwa nasema, ilisikika sauti yangu. Nilipopumzika kuvuta pumzi, programu iliona kimya, ikapandisha, na Kariakoo yote ikaingia hewani. Jamaa mmoja wa Tanga aliniuliza kama natangaza mnada.

Badala ya kutafuta chanzo nikaongeza kifaa kingine juu ya kile cha kwanza. Nikaweka kilango cha kelele. Hiki ni kipande cha programu kinachopima ukubwa wa sauti: ikiwa ndogo kinafunga, ikiwa kubwa kinafungua. Nikakiweka juu ya kiwango cha pangaboi na mnadi wa chini, na kelele zikakoma kabisa. Watu wakanisifu. Nilifurahi kama mtoto aliyepewa baiskeli.

Sasa nije kwa mzee. Yuko Morogoro, ni mwalimu mstaafu, amepita miaka 70, anatembea kwa mkongojo. Sitamtaja jina, maana hapendi. Tulizungumza naye hewani karibu kila Jumamosi kwa miaka miwili bila kuonana. Ikatokea nina safari ya kikazi ya Morogoro siku ya Ijumaa, tukaahidiana tukutane stendi ya Msamvu. Yeye alikuwa na mzigo wa kunipa. Katikati ya wiki safari ikaahirishwa. Jumatano jioni nikamwita redioni. Niliona haya kumvunjia mzee ahadi, kwa hiyo nilisema taratibu: "Mwalimu, Ijumaa hii…" nikanyamaza kidogo, kisha nikamaliza: "sitafika." Akajibu, "Nimekupata vizuri, mwanangu, karibu," na hapo bendi ikafifia. Lile "karibu" nililichukua kuwa ni karibu ya siku nyingine.

Jumamosi nikamwita kama kawaida.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Jana nilikungoja Msamvu tangu saa tatu mpaka saa kumi na moja."

"Mwalimu, si nilikwambia sitafika?"

"Ulisema tafika. Niliandika kwenye daftari. Ijumaa, tafika."

Simu yake aliiacha nyumbani. Hakuona haja ya kuibeba kwa kumlaki mtu aliyekwisha kumwahidi. Mimi nami sikumpigia, maana nilijua nimekwisha kumwarifu. Mvua ya saa nane ilimkuta huko huko.

Nilitaka kumbishia. Lakini kompyuta ina tabia moja ya karani mzuri, nayo ni kuweka kumbukumbu: programu ilikuwa imehifadhi kila nilichotuma. Nikafungua faili la Jumatano, nikavaa hedifoni. Sauti ilikuwa safi, nzito, ya kupendeza, kama ya mtangazaji. "Mwalimu, Ijumaa hii." Kimya. "Tafika."

Ndugu zangu, nilirudia kusikiliza mara nyingi. Mzee hakukosea hata kidogo. Sisi wa pwani husema "tafika" kila siku tukiwa na maana ya "nitafika". Kilango changu kilikuwa kimefungwa wakati nimenyamaza. Herufi S ni mpulizo tu, nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 4,000, na kichujio cha redio kinakata kila kitu kilicho juu ya hezi 2,700 au karibu na hapo. Kilichobaki ni hafifu sana. Ile irabu ya "si" nayo haina mkazo, kwa sababu mkazo wa neno letu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kilango hakikuona sababu ya kufunguka mpaka ilipofika "ta".

Hapa ndipo ningependa wanafunzi wa Kiswahili na wanafunzi wa Fizikia wakae benchi moja. Lugha yetu huweka ukanushi mlangoni mwa neno. Waingereza wana neno lao la kukanusha, linalosimama peke yake. Sisi tunasema "hatutakuja", "hawatalipa", "hamtapata". Toa ile "ha", ambayo ni pumzi na irabu isiyo na mkazo, na unabaki na "tutakuja", "watalipa", "mtapata". Hubaki na neno lililoharibika ambalo msikilizaji angeuliza maana yake. Unabaki na neno zima, zuri, lenye maana iliyo kinyume. Mkwaruzo wa mawimbi ungemfanya mzee aniombe nirudie. Usafi wangu ndio uliomdanganya.

Nilibomoa mpango wote, nikaanza upya kutoka mdomoni. Maikrofoni ilikuwa imesimama kwenye meza, sentimita 40 kutoka kwangu. Nikaisogeza hadi sentimita 5. Umbali umepungua mara nane, na sauti ya mdomo kwenye maikrofoni hupanda desibeli 18 hivi, ilhali kelele za mtaa zinabaki pale pale zilipokuwa. Hakuna kifaa chochote nilichokuwa nimeweka ambacho kingeweza kunipa faida hiyo. Kipande cha sponji la godoro kilizuia pumzi isipige kwa kishindo kwenye P na B, na niliielekeza maikrofoni pembeni kidogo mwa mdomo. Ni aibu kwa mtu aliyemaliza chuo kikuu kukaa mwaka mzima akirekebisha namba, kumbe kilichotakiwa ni kuvuta kiti.

Baada ya hapo programu haikuwa na kazi kubwa. Kichujio cha kwanza hutupa kila kilicho chini ya hezi 250 au 300. Humo ndimo ulimo mvumo wa umeme wa hezi 50 pamoja na ndugu zake wa 100 na 150, na nguruma za jenereta, na hakuna maana ya neno inayopotea. Halafu ikwalaiza, ile ile ya redio kaseti, hupandisha kidogo sehemu ya hezi 1,500 hadi 2,500, ambako T hutofautiana na K. Sauti yangu sasa imekuwa nyembamba, haipendezi kama zamani. Mke wangu anasema nasikika kama napiga simu kutoka kisimani. Kisha kubana, desibeli 6 tu, na mwisho kikomo cha kuzuia vilele.

Na kilango? Nilikirudisha, ila hakifungi kabisa. Kinapunguza desibeli 10 na kuacha pangaboi lisikike kwa mbali. Tena nimekifanyia jambo ambalo redio ya zamani isingeliweza kwa urahisi. Kompyuta huishika sauti kwa milisekunde 20, yaani namba 960, kabla ya kuipitisha. Kilango kinapima sauti inayokuja, lakini kinachopita ni ile iliyochelewa. Kwa hiyo mlango unakuwa umeanza kufunguka kabla mgeni hajafika kizingitini. Hiyo S inapona sehemu kubwa. Haiponi yote, maana kile kilichokatwa juu ya hezi 2,700 hakirudishwi na programu yoyote duniani. Ndiyo sababu sasa nikiwa na habari ya kukanusha naisema kwa namna mbili: "Sitafika. Kufika, hapana." Mzee naye hurudia, ndipo tunaendelea.

Mwezi uliofuata nilikwenda Msamvu kwa nauli yangu, na safari hiyo mimi ndiye niliyetangulia. Alikuja na ule mzigo aliorudi nao nyumbani siku ile ya mvua. Ulikuwa umefungwa kwa gazeti. Ndani yake mlikuwa na maikrofoni ya koili, ya zamani, nzito kama nyundo, isiyohitaji umeme wake yenyewe kama hizi za kompyuta. Aliniambia, "Hii haisikii mbali. Lazima uisogelee."

Nimekuja nayo leo. Kwa idhini yake na ya Mkuu wa Shule, itakaa maabara ya Fizikia pamoja na kompyuta yangu ya zamani yenye programu niliyoieleza. Kusikiliza mnaruhusiwa wakati wowote. Kutuma ni mpaka mwenye leseni awepo, na mimi nitakuwepo Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi kuanzia saa nne asubuhi. Mzee atakuwa upande wa pili na daftari lake. Amesema atawasomea maneno 20, mengine ya kukubali na mengine ya kukanusha, nanyi muandike mnachosikia. Kisha mtamsomea yenu.